Nakshi ya Moto Isiuzwe kwa Jina la Patasi

Hakuna kinachoniudhi siku hizi kama kumwona muuzaji ameshika kibao kilichotoka kwenye mashine ya leza asubuhi ile ile, bado kinanuka moshi, naye anamtazama mnunuzi usoni na kumwapia kwamba kimechongwa kwa mkono. Anaapa! Tena kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambalo sote tulifundishwa tangu chuoni kwamba halifanywi chambo cha kuuzia bidhaa. Nimelisikia jambo hili Unguja, nimelisikia Mombasa, na Dar es Salaam nimelisikia mpaka nimechoka.

Sisemi mashine ni haramu. Mababu zetu walipoletewa msumeno mzuri kuliko wa kwao waliupokea, na mafundi wa leo wanatumia keekee na randa za umeme wala hakuna anayewalaumu. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Miaka minne baadaye Kumar Patel, mzaliwa wa Uhindi aliyekuwa katika maabara za Bell nchini Marekani, akabuni ile itumiayo gesi ya kaboni dioksidi, na hiyo ndiyo imo katika mashine nyingi za kukatia mbao hadi leo. Mwale wake jicho haliuoni. Urefu wa wimbi lake ni kama mikromita 10.6, na mti huunyonya upesi, ukageuka joto kali linalounguza nyuzi za mbao zikawa moshi. Mkato wake ni mwembamba, haufiki hata nusu milimita. Hii ni neema, na mwenye kuikataa neema hana shukrani.

Seremala mwenye akili anajua pa kuiweka neema hiyo. Hukata kielelezo cha ua kwa plaiwudi ya milimita 3, akakilaza juu ya ubao wa msaji, akakifuatisha kwa kalamu, kisha akashika patasi. Hukata vipande vya kutia njumu vikaingia mahali pake bila pengo. Mlango wa zamani ukiwa umeoza nakshi upande mmoja, huupiga picha upande ulio mzima, akatengeneza kielelezo chake kwa mashine, na yaliyopotea akayarudisha kwa mkono. Hata ile leza ndogo ya kupimia, itupayo mstari mwekundu au wa kijani ukutani, imewasaidia wengi kusimamisha miimo iliyonyooka pamoja na timazi na pima maji. Mafundi wa namna hii nawavulia kofia.

Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Tembea Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia mwaka 2000, au Mji wa Kale wa Lamu ulioandikwa mwaka uliofuata, usimame mbele ya mlango mmoja tu. Utazame mfaa, ule mti wa katikati unaoziba mwanya wa mbao mbili. Utazame miimo yenye minyororo, samaki na mayungiyungi, kisha uinue macho juu ya kizingiti, ambako milango mingine imeandikwa aya. Aliyechonga pale aliusoma mti kabla ya kuugusa. Alijua nyuzi zinaelekea wapi, fundo liko wapi, na wapi patasi ikisukumwa kinyume ubao utapasuka. Jani la ua alilichimba kwa chini mpaka likanyanyuka, likatupa kivuli chake.

Leza haiwezi hilo. Mwale unashuka kutoka juu, hauwezi kupinda ukaingia chini ya jani. Inachofanya ni kuunguza tabaka baada ya tabaka, na kadiri inavyokwenda chini ndivyo masizi yanavyozidi. Kwenye mbao nene ngumu kama mninga, mashine ndogo za karakana zetu huishia kuacha kingo nyeusi kama kisiki cha shamba lililochomwa moto. Ndiyo maana wadanganyifu hawahangaiki na mninga. Wananunua MDF, yaani mbao zilizosagwasagwa zikagandishwa kwa gundi, wanaichoma maua, wanaipaka rangi nzito ya kahawia na vanishi juu yake, kisha wanaipa jina la kazi ya asili ya Waswahili. Asili gani hiyo?

Mnunuzi naye asijifanye kipofu. Kigeuze kibao, utazame ubavuni: kama hakina nyuzi za mti, hicho si mti. Kinuse. Pitisha ukucha ndani ya mtaro wa nakshi, uone kama chini yake ni kahawia ya kuungua. Linganisha maua mawili. Yakiwa hayatofautiani hata kwa unywele, na mitaro yote ina kina kimoja, mashine imepita hapo. Mkono wa mtu huacha alama ya patasi, na hakuna petali inayofanana kabisa na mwenzake. Haya hayahitaji shahada. Yanahitaji subira kidogo, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tunaisimulia misikitini habari ya Mtume, sala na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika fungu la nafaka, akakuta unyevu umefichwa chini ya ukavu. Hakumsifu mwenye mali kwa ujanja wake. Na ndugu zetu Wakristo wanafundisha watoto wao juu ya Yusufu seremala, mtu mwadilifu. Basi sote, kwa dini zetu, tunajua kwamba ufundi huu umeshikwa na mikono ya watu wema. Vipi leo tuutie najisi kwa ajili ya pesa za msimu mmoja wa watalii?

Madhara yake nimeyaona. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mgeni aliyedanganywa akijua, haendi kumtafuta aliyemdanganya. Anamgeukia mzee mnyofu aliyeinama wiki nzima juu ya kasha lake, anamwambia, "Na hili ni la mashine," kisha anamtajia bei ya mashine. Mzee hana pa kulalamika. Mwanawe anayaona hayo yote, anaweka patasi chini, anakwenda kuendesha bodaboda. Hivyo ndivyo ufundi unavyokufa, na mwenye kuuua hakukamatwa.

Na hapa siwezi kunyamaza juu ya mafundi wenyewe, maana wengine wamejitakia. Njoo kesho! Nani kati yetu hajaambiwa maneno hayo? Unatoa malipo ya awali ya kitanda cha harusi, unaapiwa Ijumaa. Ijumaa unakuta mbao hazijapigwa randa, na fedha zako zimekamilisha kabati la mtu mwingine aliyepiga kelele zaidi. Bibi harusi analala juu ya godoro chini. Ahadi ni deni, enyi mafundi! Watu hawakukimbilia mashine kwa sababu inachonga vizuri kuliko nyinyi. Wengi walikimbilia kwa sababu ikiambiwa saa tisa, saa tisa kazi ipo. Mnajua kuchonga, Mungu amewapa vidole vya ajabu, mbona mmeshindwa kushika siku? Anayedanganya juu ya mti na anayedanganya juu ya tarehe wanakula sahani moja.

Vijana wa leza, nanyi sikilizeni. Wengi wenu mna vipaji, michoro yenu ya kompyuta inapendeza, na sisi wazee tunajivuna kuwaona. Lakini kabla ya kuwasha mashine, kaeni kwa fundi mjifunze mti: upi una utomvu unaoshika moto, upi haujakauka, upi utapinda. Tena msiiache mashine ikifanya kazi peke yake mkaenda kunywa chai, kwani mbao zilizokwisha kushika moto hazimngoji mtu. Moshi wa MDF una fomaldehaidi inayotoka kwenye gundi. Wekeni feni ya kuutoa nje, msiuvute ndani ya kibanda chenye dirisha moja. Na ngozi bandia ya PVC msiitie humo kamwe, maana ikiungua hutoa gesi yenye asidi inayokula chuma cha mashine, na mapafu si magumu kuliko chuma.

Wewe mwenye duka, nakuomba jambo jepesi. Leo jioni kabla ya kufunga, tenga rafu mbili. Juu ya moja andika KAZI YA LEZA, na juu ya nyingine KAZI YA MKONO, kila moja kwa bei yake, na chini ya kazi ya mkono andika jina la aliyeichonga. Mteja akichagua ya leza kwa sababu mfuko wake ndio unaofika hapo, muuzie kwa moyo mweupe, ni halali yako.

Asiyetaka kuandika aulizwe anaficha nini.