Mwanariadha naye asikizwe kabla ya kufukuzwa

Mtoto wa Turkana mwenye mbio hakimbilii medali peke yake. Hukimbilia karo pia. Paul Ereng, Mturkana aliyenyakua dhahabu ya mita 800 mjini Seoul mwaka 1988, alikuwa wakati huo mwanafunzi wa University of Virginia, Marekani. Na mwaka 2016, wanariadha watano kutoka kambi ya Kakuma walikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro.

Lakini mlango uliofunguliwa na miguu waweza kufungwa na barua moja. Tuseme mwanariadha ameshtakiwa chuoni kwamba amepigana bwenini au amemdhulumu msichana. Mara anasimamishwa masomo. Msaada wa karo unakatika, chumba ananyang'anywa, timu inamtema. Mwenzake wa Nairobi atapanda matatu hadi kwao, na siku ya kikao arudi na baba yake. Wa Kakuma je? Kufika Lodwar pekee ni kilomita zipatazo 120, na mkimbizi huhitaji kibali ili asafiri nje ya kambi. Kikao kinafanyika yeye akiwa mbali, nayo kamati ya nidhamu inaandika kwamba mshtakiwa hakutokea.

Ajabu ni kwamba anayeshukiwa kutumia dawa za kuongeza nguvu ana nafuu. Mkojo wake hutiwa katika chupa mbili, naye ana haki ya kudai ile ya pili ipimwe, kisha asikizwe. Anayedaiwa kumpiga mwenzake ngumi huenda asipate hata nakala ya mashtaka.

Na si kwamba sheria haipo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtu uamuzi wa haki, na sheria iliyopitishwa mwaka 2015 ikaeleza namna: mshtakiwa apewe notisi mapema, aonyeshwe ushahidi, ajitetee, awahoji wanaomshtaki, na aelezwe sababu pamoja na njia ya rufaa. Hata kabla ya hapo, mwaka 1990, katika kesi ya wanafunzi watano wa Egerton, mahakama ilisema haina haja ya kuendesha vyuo, ila itaingilia pale mtu anapohukumiwa bila kusikizwa kwa haki.

Je, nasema wanariadha waachwe wafanye watakavyo? Hasha! Kuna nyota wanaolindwa kwa sababu wanaleta vikombe. Mwaka 2016, Baylor University ya Texas ilimwondoa rais wake baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba chuo kilizembea malalamiko ya wanawake dhidi ya wachezaji wa kandanda ya Kimarekani. Lakini mwaka 2006, Duke University ilifuta msimu wa timu yake ya lakrosi, mchezo wa mpira na fimbo yenye wavu, kwa tuhuma za ubakaji. Mwaka uliofuata mwanasheria mkuu wa jimbo akatangaza kwamba washtakiwa watatu hawakuwa na hatia. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, ndiyo maana anayelalamika na anayelalamikiwa wote husikizwa kabla ya shauri kukatwa.

Wakuu wa vyuo, Lodwar kuna Turkana University College. Mkishindwa kumleta kijana kikaoni, ombeni chumba huko azungumze nanyi kwa simu ya video.

Nawe mwanafunzi, usirudi nyumbani kimya. Dai mashtaka kwa maandishi. Ukikosa nauli au kibali, andika uombe kikao kiahirishwe, na uweke nakala. Anza na rufaa ya chuo, kwa maana Mahakama Kuu kwa kawaida hutaka umalize njia hiyo kwanza.

Nanyi wazazi wa mjini, mtoto wenu akiwa na rafiki wa Kakuma aliyepatwa na haya, mpeni anwani yenu barua zimfikie, na mahali pa kulala hadi siku ya kikao. Haki yake yaweza kutegemea kitanda hicho.