Mtu na Mavazi ya Tovuti Yake



Wapendwa wasomaji, juma hili twapenda kutafakari nanyi jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana ni la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini kwa mtazamo wetu lamgusa kila anayeweka jina lake mtandaoni. Nalo ni namna mtu anavyojitambulisha kwa watu asiowaona, na namna sura ya tovuti binafsi ilivyobadilika tangu tovuti zilipoanza.

Kwetu, mgeni akipiga hodi huulizwa habari za atokako, kisha jina, kisha ni mtoto wa nani. Utambulisho ni mazungumzo: mwenyeji huuliza, mgeni hujibu, na kila mmoja hupima cha kusema kwa kumtazama mwenzake usoni. Katika tovuti hakuna uso wa kutazama. Anayeandika "Mimi ni fulani" huwaambia wote kwa mara moja, ndugu, mwajiri, mwizi, na hata mjukuu ambaye hajazaliwa. Ndiyo maana tunaona kwamba swali la nini cha kusema latangulia swali la rangi na picha, ingawa, kama tutakavyoona, rangi na picha nazo zina neno lake.

Tovuti ya kwanza duniani, aliyoiweka Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN karibu na Geneva mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu, nayo ilieleza kazi yenyewe, si mtu. Mtu aliingia mapema baada ya hapo. Mwezi Januari 1994 kijana Mmarekani wa miaka 19, Justin Hall, mwanafunzi wa Chuo cha Swarthmore huko Pennsylvania, alianza tovuti yake, na muda si mrefu akawa anaandika humo maisha yake yote: masomo, urafiki, mapenzi, hata kifo cha baba yake. Sura ya kurasa hizo ilikuwa ya kawaida kabisa, maneno yakifuatana na maneno. Aliendelea hivyo kwa takribani miaka 11. Mwezi Januari 2005 aliweka video iliyomwonyesha akilia, akieleza jinsi uandishi huo wa wazi ulivyogongana na mahusiano yake na watu, kisha akaacha kuandika kwa namna ile. Mwaka 2015 alitoa filamu yake mwenyewe kuhusu safari hiyo.

Wako wanaomcheka. Sisi hatumcheki, kwa maana alitutangulia kujaribu, kwa gharama yake, jambo ambalo leo watu wengi hulifanya bila kufikiri. Hata hivyo twaona kwamba mtu hawezi kujitambulisha bila kuwatambulisha na wenzake. Ukieleza ugomvi wa nyumbani mwako umemtambulisha na mkeo, naye hakuombwa ruhusa.

Mwaka huohuo wa 1994, huko California, David Bohnett na John Rezner walianzisha huduma iliyokuja kuitwa GeoCities. Kila mtu aliweza kupata nafasi bure, na nafasi hizo ziligawanywa kama mitaa ya mji: wapenda filamu walikaa Hollywood, wapenda falsafa na elimu Athens, wenye kusimulia familia zao Heartland, na kila ukurasa ulikuwa na namba kama ya nyumba. Waliokuwa wakienda kwenye vibanda vya intaneti miaka ile watakumbuka sura ya kurasa hizo. Maandishi ya njano juu ya anga jeusi lenye nyota, muziki unaoanza wenyewe, kihesabu cha wageni chini kabisa, kitabu cha wageni cha kutia sahihi, na kile kikaragosi cha mfanyakazi mwenye koleo kinachotangaza kwamba ujenzi unaendelea. (Ujenzi huo mara nyingi haukuisha.) Wasanifu wa tovuti waliona ni vurugu. Kwetu sisi vurugu ile ilikuwa na heshima yake, kwa kuwa kila aliyejitambulisha pale alichagua mwenyewe aanze na jambo gani. Mmoja alianza na paka wake, mwingine na marehemu mama yake, na hakuna fomu iliyowauliza.

Wakati huo ufundi nao ulikuwa unakomaa. Mwanzoni, ili kupanga ukurasa, watu walitumia majedwali yenye mistari isiyoonekana, maneno na mapambo vikafungwa pamoja. Mwezi Oktoba 1994 Mnorwe Håkon Wium Lie alipendekeza lugha ya CSS, ambayo hutenga mavazi na mwili: maneno yanakaa mahali pake, na maagizo ya rangi, ukubwa na mpangilio yanaandikwa kando. Ikapitishwa rasmi mwezi Desemba 1996. Mwaka 2003 Mkanada Dave Shea alionyesha uwezo wake kwa namna iliyotufurahisha sana. Katika tovuti ya CSS Zen Garden aliweka ukurasa mmoja wa maneno, akawaalika wasanifu wauvishe bila kugusa hata neno moja. Zikaja sura zaidi ya 200, hii kama bustani, hii kama gazeti kuukuu, na maneno ni yaleyale. Mwaka 2006 ukaanza pia utaratibu wa kuvua mavazi hayo yote kwa siku moja mwezi Aprili, tovuti ibaki uchi, ionekane kama maneno yake yanasimama yenyewe. Twawapendekezea wenye tovuti zoezi hilo. Wengi wangeona aibu, si kwa sababu ya uchi, bali kwa kukuta hakuna mtu ndani.

Kisha ikaja fomu. Facebook, iliyoanza mwaka 2004, ilimpa kila mtu ukurasa uleule wa bluu na nyeupe wenye nafasi za kujaza: jina, shule, kazi, hali ya ndoa. Ni nadhifu, na imewakutanisha ndugu waliopoteana, hatukatai. Lakini mwaka 2011 ilipoleta mpangilio wa Timeline, sura za mamilioni ya watu zilibadilika bila wao kuchora hata mstari. Na fomu huuliza yanayomfaa muulizaji. Haikuulizi nani alikulea.

Hao wa GeoCities yaliwapata makubwa zaidi. Yahoo iliinunua mwaka 1999 kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3, na tarehe 26 Oktoba 2009 ikaifunga. Kikundi cha watu wa kujitolea, Archive Team, kilihangaika kunakili kilichowezekana kabla ya siku hiyo, na sehemu kubwa ikaokoka. Lakini aliyeandika habari za mama yake alikuwa mpangaji, na mwenye nyumba alibomoa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kijana anayetaka kujulikana kwa kazi yake au kwa fikra zake na awe na tovuti yake mwenyewe, hata ya ukurasa mmoja, yenye aya mbili za kueleza yeye ni nani. Picha zipungue. Tangu Ethan Marcotte alipoeleza mwaka 2010 namna ya kupanga ukurasa ujikunje kulingana na ukubwa wa kioo, hakuna udhuru wa kumfanya mwenye simu ndogo abane macho. Lakini uzito bado ni tatizo. Kurasa nyingi za leo huvuka megabaiti 2, na anayekusoma kijijini hulipia uzito huo kwa kifurushi chake.

Tovuti yako nayo, tuseme kweli, si mali ya milele: jina lake hulipiwa kila mwaka, na asiyelipa hulipoteza. Zile aya mbili zichapeni pia kwenye karatasi, mziweke katika bahasha moja na vyeti vya ubatizo, na mtu mmoja nyumbani ajue bahasha iko wapi.