Dar Inasifiwa kwa Jembe Isilolishika

Kila msimu wa usaili wa vipaji ukifika, watangazaji huturudia yaleyale: kijana wa mkoani asipopanda basi kwenda Dar, sanaa yake itafia kijijini. Kauli hiyo imesemwa mpaka wazazi wa Chekereni na Himo wanaiamini kama Injili. Ni uongo. Dar ni soko, tena soko zuri, lakini soko halilimi. Mpunga wa Chekereni ukiliwa Kariakoo, hakuna mwenye akili atakayesema Kariakoo ndiyo iliyofungulia maji mifereji ya Lower Moshi. Kwenye muziki na uchoraji tunasema hivyo bila haya. Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, waliufanya Morogoro, mji usio na bahari wala ikulu, uwe mji wa dansi. Na ilipofika zamu ya Tanzania kupiga muziki kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, aliyekwenda ni Mbaraka. Tanga walikuwa na bendi za Jamhuri na Atomic. Hukwe Zawose alitoka Ugogo na zeze lake, akarekodi kwenye lebo ya Peter Gabriel huko Uingereza. Jirani zetu X Plastaz wa Arusha walichanganya rap na sauti za Kimaasai, albamu yao ikatoka Ujerumani mwaka 2004.

Nitaletewa Tingatinga, najua. Eti Edward Saidi Tingatinga ni tunda la Oysterbay. Haya, tuhesabu alichopewa na jiji: vipande vya ubao wa dari, rangi ya baiskeli na, mwaka 1972, risasi ya polisi. Wale wanyama na ndege aliokuwa akichora hakuwakuta kwenye foleni ya Dar. Mtu yule alikulia upande wa Tunduru.

Kuna na wale wa “studio ziko Dar”. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) hoja hiyo ilikuwa na miguu, na hata wakati huo bendi za mikoani zilikwenda, zikarekodi, zikarudi kwao kupiga dansi. Leo studio inaingia kwenye begi la mgongoni na chaja yake, wao bado wanahubiri nauli. Kinachokosekana mkoani ni mlipaji. Tazama harusi zetu hapa Moshi: MC wa Dar kashushwa na ndege KIA, kalipiwa hoteli, na kazi yake kubwa ni kuwaambia wageni wapige makofi. Vijana wa tarumbeta wa usharika, waliofundishwa nota tangu wadogo, wametembea juani kutoka kanisani hadi ukumbini mashavu yamevimba, sauti zote nne zimekaa mahali pake, nao wanaambiwa wasubiri soda. Siku mmoja wao akihamia Sinza na jina likasikika, kamati hiyohiyo ya harusi iliyomnyima nauli ya kurudi Machame itakuwa ya kwanza kusema Dar imemtoa.