Tunapandisha Watu Mlima Kenya, Ngazi Tatu Zimetushinda

Wasee, leo hakuna vidio. Leo ni kusoma tu, na naomba mfike mwisho, kwa sababu kuna mahali nilikosea na nataka niseme wazi.

Mnaikumbuka ile vidio yangu ya mwaka jana, ile nimembeba binamu yangu mgongoni tukiingia mkutano wa vijana? Ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Komenti zote zilikuwa "Mungu akubariki bro", "huyo ndiye ndugu wa kweli", na emoji za machozi. Nilipata wafuasi wapya. Nikapata hata kazi ndogo ya tangazo.

Kile hamkuona ni tulivyorudi nyumbani. Binamu yangu anatumia wilchea tangu ajali ya nduthi akiwa kidato cha pili. Alinyamaza njia yote. Tulipofika kwa shosho ndipo akaniambia, "Mimi sikukuomba unibebe. Nilikuomba uwaulize mbona hakuna njia ya kuingia." Halafu akaongeza, "Na ukanishuti bila kuniuliza."

Sikuwa na jibu. Na nitasema ukweli: vidio sikuitoa siku hiyo. Niliiacha wiki mbili zaidi kwa sababu bado ilikuwa inaniletea watu. Hiyo sehemu ndiyo inaniuma hadi leo.

Ule ukumbi una ngazi tatu mlangoni. Tatu tu, buda.

Sasa fikiria mji wetu unajulikana kwa nini. Watu wanatoka Ujerumani, Japani, Marekani, wanashuka Naro Moru kwa sababu ya mlima. Kuna njia ya kupanda Mlima Kenya inayoitwa kwa jina la mji wetu. Tuna waelekezi, wapagazi na wapishi wanaoijua hiyo njia kama sebule ya mama yao: Met Station, mita kama 3,050, halafu ule mteremko wa matope unaoitwa Vertical Bog, halafu Mackinder's, hadi Point Lenana, mita 4,985. Mgeni anafika hapa akihema kwa kutembea kutoka barabarani hadi hotelini, na bado tunampangia mpaka anafika juu. Mzigo wake tunabeba. Mwendo wake ndio tunaufuata. Akichoka, tunapumzika wote. Hakuna mtu humwambia, "Samahani, mlima si wa watu kama wewe."

Kwa hivyo hii kazi ya kumfikisha mtu mahali tunaijua kuliko miji mingi. Ndiyo maana ngazi tatu zinanikasirisha hivi.

Nilirudi pale na tepu nikazipima. Kila ngazi ni sentimita 15, jumla 45. Kipimo kinachotumika sana duniani kwa rampu, ule mteremko wa kupitisha wilchea, ni hivi: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. 45 mara 12 ni 540. Mita 5.4 za saruji na vyuma vya kushikilia. Fundi yeyote wa hapa kwetu anaweza hiyo kazi.

Lakini nisiwadanganye, rampu peke yake haitoshi. Ninachosema ni kwamba Naro Moru inahitaji kituo cha jamii ambacho kila mtu anaingia. Na nasema cha jamii, si "cha walemavu". Hapo ndipo watu wengi wenye roho nzuri hupotea.

Tayari hapa mjini kuna nyumba ya watoto wenye ulemavu. Kule upande wa Karatina kuna Shule ya Viziwi ya Tumutumu. Hizo ni kazi za maana, sina neno. Lakini mtoto hukua. Akifika miaka 20, Jumamosi mchana anaenda wapi? Mimi na yeye tutakutana wapi kama si ile siku naenda "kutembelea" nikiwa na unga, sukari na simu ya kupiga picha? Hiyo si urafiki. Yeye amekuwa mwenyeji wa huruma yangu tu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili sababu ya karo. Kila sherehe ya familia lazima mtu aniulize, "Na shule utarudi lini?" Inaboesha, lakini inamaanisha bado wananitarajia. Binamu yangu alipata C+ KCSE, alama ya kuingia chuo kikuu. Hakuna hata mmoja amewahi kumuuliza ataenda lini. Wanamuuliza kama amekula.

Kuna watu Kenya walifikiria hii maneno kabla wazazi wetu wengi wazaliwe. Mwaka 1969, Shirika la Watu Wenye Ulemavu wa Viungo Kenya, APDK, lilianzisha karakana za Bombolulu kule Mombasa. Watu wenye ulemavu wanatengeneza vito, nguo, vitu vya ngozi na mbao, hata wilchea zenyewe. Wageni wanakuja kuona kazi na kununua. Mtu anajulikana kwa bangili aliyotengeneza. Tukijenga chetu, hilo ndilo la kuiga: mahali ambapo mtu mwenye ulemavu ana kazi ya kufanya na pesa ya kupokea. Mimi ningeongeza jambo moja, kwamba tuwe humo pamoja tangu siku ya kwanza. Kompyuta, intaneti, darasa la lugha ya ishara kwa yeyote anayetaka, chumba cha kurekodi, kahawa. Milango ya sentimita 90. Choo ambacho wilchea inaweza kugeuka ndani, si stoo ya mifagio iliyobandikwa alama ya wilchea.

Najua mtakachosema. Cha kwanza: "Hao ni wachache." Sensa ya 2019 ilihesabu watu kama 900,000 wa miaka mitano kwenda juu, asilimia 2.2. Sawa. Lakini shosho yangu hajawahi kusema ana ulemavu, na ngazi zile zile anazipanda kwa kushika ukuta. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo wa viazi pia. Na wewe unayepanda nduthi bila helmeti kila siku, usijihesabu nje mapema hivyo. Binamu yangu naye alikuwa anaenda tu kununua maziwa.

Cha pili ni kizito zaidi: "Kieni hatuna maji, wewe unaongea rampu." Hii naiheshimu. Hapa mvua ikikosa tunajua maana yake. Ila sijasema tuchukue pesa ya maji. Nasema kila jengo la umma litakalojengwa au kukarabatiwa hapa lijengwe vizuri mara ya kwanza, na tuanze na ukumbi uliopo. Kubomoa ili urekebishe ndiko kunamaliza pesa.

Na huu si msaada tunaomba. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kufika kwa njia inayofaa katika kila mahali, usafiri wa umma na habari. Tukawa na sheria ya 2003, na 2025 ikaja mpya. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni watu kuuliza.

Kuuliza kuna tarehe. Kaunti inatakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao vya kukusanya maoni ya umma. Vijana huwa hatuendi, tunangoja kulalamika huku mtandaoni. Mimi pia. Safari hii naenda na binamu yangu, na swali la kwanza litakuwa lake: kikao chenyewe cha maoni kiko mahali anaweza kuingia?

Hii posti nilimpa aisome kabla. Amenifutisha sentensi mbili, na sitawaambia zilisema nini. Nilimuuliza angetaka nini ndani ya hicho kituo. Nilidhani atasema mashine za mazoezi ya viungo. Akasema meza ya pool, yenye nafasi ya wilchea kuzunguka pande zote nne. Anasema atanichapa mpaka niache kuposti.

Kwa hivyo nawaombeni kitu kimoja wiki hii. Chukua tepu, nenda kwenye ukumbi, kanisa au ofisi ya mtaa wako, pima ngazi na mlango. Niandikie kwenye komenti: mji gani, ngazi ngapi, mlango sentimita ngapi. Tutabeba hizo namba kwenye kikao.

Na tafadhali usimbebe mtu ukishuti. Muulize kwanza anataka nini.