Kabla ya kununua spika mpya, ijueni geini

Wasifu wa marehemu husomwa mara moja tu. Kamati imechangisha, mitambo imekodiwa, spika mbili ndefu zimesimama pembeni ya turubai, na bado waliokaa nyuma wanaulizana, "Kasema nini?" Halafu mitambo inapiga mluzi, watu wanaziba masikio, msomaji anapoteza mstari aliokuwa anausoma. Nafunga mitambo ya harusi, misiba na mikutano hapa Morogoro, na hili naliona kila mara. Kamati ikikaa kutathmini, jibu huwa lile lile: spika ni ndogo, tununue kubwa. Nasema hapana. Mara nyingi tatizo liko kwenye miksa, tena kwenye chaneli moja tu, ambayo kijana aliyewekwa hapo hakuwahi kufundishwa namna ya kuipanga.

Miksa ndogo inatisha kwa wingi wa vitufe, lakini safu za maiki zinafanana. Ukiielewa moja, umezielewa zote. Anza juu kabisa, kwenye kitufe kilichoandikwa GAIN au TRIM. Mafundi tunakiita geini, na kwangu mimi ndicho kitufe kikuu kuliko vyote.

Maiki hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu, wakati ndani ya miksa sauti inahitaji kufika kwenye kiasi cha volti moja hivi. Geini ndiyo inayoikuza. Kwenye miksa nyingi inaweza kufika desibeli 60, yaani kuuzidisha umeme huo mara 1,000. Kinanda au simu huingia na nguvu yake tayari, kwa hiyo geini ya kinanda haiwezi kuwa sawa na ya maiki, wala ya mchungaji mwenye sauti ya radi haiwezi kuwa sawa na ya binti anayesoma huku analia. Ukiiweka chini mno, utalazimika kusukuma feda, kile kitelezi cha sauti chini ya safu, hadi juu, na feda itapandisha sauti pamoja na mvumo wa mitambo yenyewe. Ukiiweka juu mno, sauti inakatwa pale pale mlangoni, taa nyekundu inawaka, na hapo kushusha feda hakusaidii kitu. Utapata sauti ndogo, lakini bado imechanika. Vijana wengi hawajaambiwa hili, na ndiyo maana wanahangaika na feda shughuli nzima.

Njia ni hii. Mwambie anayesoma asome kweli, kwa sauti atakayotumia, si "haloo, moja mbili". Bonyeza swichi ya PFL ya chaneli yake kama ipo, ili kipimo kionyeshe chaneli hiyo peke yake, pandisha geini taratibu mpaka taa za kipimo zicheze karibu na sifuri, na ile nyekundu isiwake. Kisha peleka feda kwenye alama yake ya sifuri, ambayo kwa kawaida haiko juu kabisa. Pale ukiisogeza kidogo, sauti inabadilika kidogo. Feda ikiwa chini kabisa, msogeo ule ule unarusha sauti kwa desibeli nyingi, na huwezi kuituliza.

Majuzi nilikuwa msibani kama mfiwa, si fundi. Mjukuu anasoma, hasikiki, mluzi umeanza. Nikamsogelea kijana aliyekuwa kwenye miksa: "Mdogo wangu, naomba tuitazame pamoja." Akasema, "Karibu, kaka." Geini ilikuwa chini kabisa, feda juu kabisa. Besi ilikuwa imezungushwa hadi mwisho ili sauti ya mchungaji iwe nzito. Eko imefunguliwa. Maiki nyingine tatu zilikuwa wazi, zimelala mezani. Tulishusha feda kwanza, tukazima zile tatu. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu unapoteza kama desibeli 3 kabla mluzi haujaanza, kwa hiyo kutoka nne kurudi moja tulipata desibeli 6 bila kununua chochote. Tukapanga geini upya, tukarudisha besi katikati, tukabonyeza swichi ya kukata sauti za chini, ambayo huondoa mtikisiko wa upepo na wa mkono ulioshika maiki. Mwisho tukaongeza kidogo kitufe cha kati, ambacho kwenye miksa nyingi hushika kilohezi 2.5. Maneno yanaeleweka hasa kwa masafa ya eneo hilo. Bila hayo, "paka", "pata" na "pasa" huwa neno moja. Waliokaa safu ya nyuma, chini ya mwembe, wakaacha kuulizana.

Eko ina adui wake, naye ni mimi. Kwenye wimbo iacheni ifanye kazi yake. Kwenye hotuba, mawaidha na wasifu, ifungeni. Ukumbi wa kuta za saruji na paa la bati una mwangwi wake tayari. Ukiongeza mwingine, maneno yanakuwa uji. Kitufe cha PAN kiacheni katikati, kwa sababu kikielekea kushoto, waliokaa upande wa kulia hawasikii. Swichi ya 48V ni ya maiki za kondensa. Maiki za kawaida za mkononi haziihitaji.

Na mshika maiki asifunike kichwa chake kwa kiganja. Maiki kama Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966 na bado imejaa kumbini kwetu, imeundwa isikilize zaidi mbele na kupuuza nyuma. Ukifunika matundu yake inasikiliza pande zote, spika ikiwemo, na mluzi unakuja.

Kwa hiyo wenyeviti wa kamati, wazee wa kanisa na viongozi wa msikiti, nawaomba. Fedha mliyotenga kwa spika nyingine, mpeni kwanza kijana wenu akafundishwe na fundi anayejua, siku mbili tatu, kwenye miksa ile ile mnayoitumia. Mtoeni nyuma ya jukwaa au kwenye chumba cha pembeni, mumkalishe kati ya watu, mbele ya spika, asikie wanachosikia wao. Wekeni plasta chini ya kila feda, iandikwe chaneli ni ya nani. Fundi afike saa nzima kabla, na mjukuu atakayesoma apewe dakika mbili za kujaribu maiki kabla waombolezaji hawajaketi.