Usichague msaada wa deni kwa sababu tu ni wa siri

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuache kidogo mambo ya kupiga picha nzuri za bidhaa, tuongelee deni. Sio lile la mzigo ambalo unajua mteja akilipa Ijumaa linaisha. Naongelea lile ambalo unakopa huku ili ulipe kule.

Mimi ni mtunza hazina wa kikoba cha wauzaji wa mtandaoni, wengi wetu nguo, mabegi na vyombo. Nimekaa na wenzangu kadhaa waliofika hapo, na nilichokiona ni hiki: mtu akizidiwa hachagui msaada ulio nafuu, anachagua usiojulikana. Programu ya mkopo haimuulizi maswali, haimwambii mume, haimwambii shoga yake. Saa tano usiku anabonyeza, hela inaingia. Kwangu mimi siri hiyo ndiyo bidhaa wanayouza, na wanaiuza ghali kweli.

Piga hesabu. Umeomba 100,000, makato yakatolewa juu kwa juu ikaingia 78,000, na baada ya siku saba unadaiwa 105,000. Umelipa 27,000 kukaa na hela ya mtu wiki moja. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana. Kwa 78,000 hiyo ni 2,730, tena mwezi mzima. Niambie ni begi gani unauza lenye faida ya kubeba tofauti hiyo.

Na siri yenyewe haipo. Ulipoipakua ile programu ilikuomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, ukakubali. Mwenye mshahara akianikwa anaona aibu kwa ndugu. Sisi majina kwenye simu ndiyo duka! Wateja wako wakitumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli, nani atakutumia hela kabla ya kuona mzigo? Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, kwa hiyo kabla ya kubonyeza angalia kwanza orodha ya wenye leseni. Na kama wameshakuanika, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Hifadhi picha za zile meseji, upeleke malalamiko.

Sasa ukizidiwa uende wapi? Maoni yangu, anza na anayekudai, na nenda kabla tarehe haijafika. Benki, SACCOS, hata kampuni ya mikopo yenye leseni, omba wakupangie upya marejesho. Ukiwa bado hujachelewa unaongea kama mteja. Ukishazima simu wiki mbili unaongea kama mtoro. Wakikataa bila sababu, walalamikie kwa maandishi kwanza, kisha, kama ni benki au kampuni ya mikopo yenye leseni, peleka kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu.

Baada ya hapo, kikoba. Najua unachofikiri, wana maneno. Kweli wanayo, na vipo vikoba vinavyobeba mpaka friji ya mtu. Lakini cha kwenu mnaelewana, na riba mnayolipa inarudi kwenye mgao wenu wenyewe. Sharti langu moja: ukisema deni, liseme lote. Tulishampa mwenzetu laki nne akasema ndiyo yote, kumbe lilikuwa laki tisa kwenye programu tano. Ile laki nne ilimeza wiki tatu tu, akawa anadaiwa na sisi pia. Kwa mjomba au dada ni hivyo hivyo. Nusu ya ukweli ni mkopo mwingine.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri haina riba, ila ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa ajili ya mradi. Sio ya kuzimia moto. Na yule wa mtandaoni anayesema atakufutia deni ukimtumia kwanza "ada ya usajili", huyo mpite.

Kuna chanzo kimoja cha hela watu hawakiiti mkopo, nacho ndicho kinanitisha kuliko kausha damu: oda zilizolipiwa. Mteja ametuma 60,000 ya viatu, wewe unalipia deni ukitegemea oda ya kesho inunue viatu vya leo. Deni la mkopo kwa kawaida ni madai. Hela ya mteja bila mzigo inaweza kukufikisha polisi kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu. Iweke laini tofauti kabisa.

Nikimsaidia mwenzangu kuandikia mkopeshaji, naandika kifupi hivi: "Habari. Nina mkopo wa 350,000, marejesho ni tarehe 28. Biashara imepungua, siwezi kulipa yote kwa pamoja. Naomba kulipa 30,000 kila Jumatatu kuanzia wiki hii, na adhabu isimame wakati nalipa. Naomba jibu kwa maandishi." Kiwango kiwe kile unachokiweza hata wiki mbaya. Wakikubali, hifadhi hilo jibu, na risiti ya kila Jumatatu.