Fundi ni Nyumba Nzima

Katika sensa ya Uskoti ya mwaka 1841, mbele ya jina la baba mwenye nyumba karani aliandika kazi yake: mfumaji, fundi viatu, mhunzi. Mbele ya jina la mkewe mara nyingi hakuandika kitu. Toleo hili linabishana na nafasi hiyo iliyoachwa wazi.

Tuanze na Kilbarchan, kijiji kilichoko magharibi ya Glasgow. Miaka ya 1830 kilikuwa na mitambo ya kufumia ipatayo 800, yote ikiendeshwa kwa mikono na miguu, na mingi ilikuwa majumbani. Nyumba moja ya mfumaji, iliyojengwa mwaka 1723, ingali imesimama: chumba cha kufumia kiko chini, familia ikiishi juu yake.

Baba aliketi mtamboni, nyuzi za mtande zimekazwa mbele yake, miguu ikikanyaga, mkono ukirusha mshindio huku na huku. Lakini mshindio haukujiandaa wenyewe. Mtoto, au bibi yake, alikaa kwenye gurudumu akiuviringisha kwenye vijiti vidogo. Vijiti vikiisha, mtambo unasimama. Mama alipika uji wa oti, akachota maji, akanyonyesha, na katikati ya hayo yote akashika gurudumu. Malipo yalihesabiwa kwa kipande cha nguo, na fedha iliishia mkononi mwa baba.

Watu hushangaa jinsi mfumaji wa mkono alivyodumu miongo kadhaa baada ya mitambo ya mvuke kuingia. Ustadi ulichangia, kwani nguo za nakshi ziliishinda mashine ya mwanzo. Ila ujira ulizidi kushuka, hasa baada ya mgomo mkubwa wa wafumaji wa mwaka 1812 kushindwa, na kila uliposhuka pengo lilizibwa na mikono ya nyumbani isiyolipwa. Saa za kazi zikarefushwa, watoto wakaingizwa gurudumuni mapema. Mfanyabiashara aliyewapa wafumaji kazi alimudu kupunguza bei kwa sababu mzigo ulibebwa na watu asiowalipa.

Watetezi wa karakana ya nyumbani husema fundi yule alikuwa bwana wa nafsi yake: alipanga saa zake, akasoma magazeti, akajadili siasa na wenzake. Ni kweli, na kurasa zijazo zinampa haki yake. Lakini uhuru wake uligharamiwa na wengine. Huko Dunfermline, mji mwingine wa Uskoti, William Carnegie, mfumaji wa kitani, alipokosa kazi kwa sababu ya mvuke, ni mkewe Margaret aliyefungua duka dogo na kushona viatu ili nyumba ipate kula. Mwaka 1848 familia ikahamia Marekani, ambako mwana wao Andrew alikuja kuwa tajiri wa chuma cha pua.

Ndiyo maana waandishi wetu tuliwapa sharti moja: atakayemtaja fundi amtaje na aliyemwandalia kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na historia ya ufundi inayomhesabu mtu mmoja katika kila nyumba imekosea hesabu tangu mstari wa kwanza.